Ekseli Nzima ya Renzo Bortolin

Mjini Mareeba hakuna mtu asiyejua kutengeneza gari la mwenzake. Muuza nyama anajua, mwalimu wa kuogelea anajua, hata bibi aliyesimama mbele yako kwenye foleni ya posta, akikusikia unataja springi, atageuka akuulize umefunga za urefu gani. Renzo Bortolin alikuwa ameishi na watu hao tangu azaliwe, na kwa muda mrefu hakuona ubaya wowote. Ubaya aliuona mwaka ule alipoamua kubadilisha ekseli ya mbele ya gari lake.

Renzo alikuwa fundi wa pampu za kumwagilia. Alizunguka kwenye mashamba ya maembe na maparachichi, akitengeneza, akinawa mikono na kuondoka kabla mwenye shamba hajafika katikati ya hadithi yake. Kwenye sherehe yeye ndiye aliyesimama kwenye jiko la nje akigeuza soseji, kwa sababu mgeuza soseji haulizwi maswali. Mkewe Colleen, muuguzi wa hospitali, alisema alikubali kuolewa naye kwa kukisia tu, maana hakumbuki kama aliwahi kuombwa kwa maneno.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser, lile ambalo watu wa kule huliita Mia. Lilikuwa na injini ya dizeli isiyochoka, viti vizuri, na bodi lisilo na kutu. Ugonjwa wake ulikuwa miguu ya mbele. Kila gurudumu la mbele lilikuwa na mkono wake na shafti yake, na shafti hizo, ukizikunja sana huku umekanyaga mafuta, hukatika. Gari la kazi ngumu lina ekseli nzima mbele, chuma kimoja kinene kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama ilivyo nyuma. Hilo Renzo alilijua kwa machungu. Safari yao ya kwanza kwenda ncha ya rasi ya Cape York, mwisho wa bara lao kaskazini, walipokuwa wakipanda ukingo wa kijito kwenye njia ya zamani ya nyaya za simu, shafti ya kushoto ilikatika kwa mlio kama wa bunduki. Garth, kaka yake Colleen, ndiye aliyewavuta kwa kamba hadi kwenye barabara kubwa, kisha akawaacha kwenye karakana akaendelea na safari yake. Ncha aliiona Garth. Colleen aliiona kwenye simu ya Garth.

Sasa Colleen alikuwa amepata ile likizo ndefu wanayopewa waliotumikia mahali pamoja miaka mingi. Hospitali ilikuwa imeshapata mtu wa kumshikia nafasi kuanzia mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha na vijito vimepungua. Haikuwezekana kuisogeza.

"Renz," alisema, "mimi sitaki hoteli, sitaki meli, sitaki Bali. Nataka kusimama pale ardhi inapoishia. Kwa miguu yangu mwenyewe."

"Utasimama," Renzo alijibu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Ndipo mipango ikaanza, na mipango ilipoanza mji mzima ukaamka.

Wa kwanza alikuwa Garth mwenyewe. Garth alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na yeye pia alikuwa na Mia, nyeupe, aliyoiosha kila Jumapili kama anayeogesha mtoto. Moyo wake ulikuwa mzuri na mdomo wake haukujua likizo. Alikuja na bia mbili, akaketi juu ya tairi kuukuu na kuanza.

"Sikiliza, mwanangu. Nunua ekseli ya Nissan. Funga, sahau, mpaka siku unazikwa."

"Gari ni Toyota, Garth."

"Chuma hakijui kimezaliwa wapi."

"Matundu ya boliti hayalingani."

"Si tunatoboa mengine! Drili unayo?"

Siku iliyofuata muuza nyama alimwambia achukue ekseli ya ile Land Cruiser ya zamani, Themanini. Renzo alikuwa ameshaifikiria akaiacha. Ekseli ya Themanini ina boliti sita kwenye gurudumu, na nyuma ya gari lake kulikuwa na tano. Maana yake ni kubeba magurudumu ya akiba ya aina mbili, na likipasuka la mbele utakuta uliloshusha ni la nyuma. Alijaribu kumweleza muuza nyama hivyo. Muuza nyama alikuwa ameshahamia kwenye breki.

Alichokitaka Renzo kilikuwa kitu kimoja tu, ekseli ya Mia na Tano. Hilo ni ndugu wa gari lake, lililotoka kiwandani na ekseli nzima mbele na boliti zake tano. Alitafuta kimyakimya, bila kumwambia mtu, akaipata mji wa Charters Towers, kwenye gari la shamba la ng'ombe lililopinduka. Akaenda kuichukua na trela, akairudisha na kuilaza bandani chini ya turubai, kando ya mashine ya kufulia.

Garth aliinua turubai jioni ileile. "Hii si ya Nissan," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa.

Kupata ekseli ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuiambia ikae wapi. Gari la Renzo halikuwa na mahali pa kukalisha springi za koili, kwa hiyo ilibidi vikombe vyake vichomelewe kwenye chesisi. Stelingi nayo ilikuwa ya aina isiyokubaliana na ekseli nzima, ikatakiwa kufungwa boksi jingine la usukani ubavuni. Na difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, gari likidumbukia shimoni na ekseli ikapanda, ingeweza kugonga bakuli la oili chini ya injini. Kila jioni Renzo alilala chali chini ya gari na futi ya chuma. Alichora kwa chaki sakafuni, akakata vipande vya boksi la friji kuwa mfano wa vikombe, akavipachika kwa gundi ya karatasi na kuvitazama, kisha akavibandua tena. Colleen alipita na kapu la nguo akiruka mistari ya chaki.

"Hii ya buluu ni nini?"

"Bakuli la oili."

"Na hii nyekundu?"

"Difu."

"Mbona zimepandana?"

Renzo akashusha pumzi. "Ndiyo shida yenyewe."

Kila alipokaribia jibu, kivuli kilisimama mlangoni. Mmoja alisema koili ni upuuzi, funga springi za majani. Mwingine alikuwa na binamu aliyefanya hivyo hivyo akapata ajali. Wa tatu aliingia akiwa ameshika chai, akakanyaga ile chaki nyekundu, akauliza, "Kwa nini usinunue tu gari jingine?" Wote walikuwa watu wema, na Renzo hakuwahi kujifunza namna ya kumfukuza mtu mwema. Alisema, "Eeh, labda," na baada ya wao kuondoka akachora upya.

Kisha kulikuwa na sheria. Gari lililobadilishwa hivyo haliingii barabarani bila saini ya mhandisi aliyeidhinishwa, na mhandisi wa karibu aliyekubali kazi za ekseli alikuwa Maree Lindqvist, kule chini pwani, mjini Cairns. Kumpata kwenye simu kulikuwa kama kumpata samaki kwa mkono. Renzo, aliyechukia simu kuliko meno kuuma, alipiga na kupiga mpaka akampata.

"Umeshakata chochote?" Maree aliuliza kabla ya salamu.

"Hapana."

"Apa."

"Naapa."

"Wanaume wa huko juu mnaapa kila siku. Nitakuja Jumanne ya wiki ijayo kulipima likiwa zima. Urefu wake, chesisi yake, kila kitu. Tukikubaliana na michoro yako, unakata, na nakusainia kabla ya mwezi wa saba. Ukikata kabla sijaliona, mimi siweki jina langu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alikata simu moyo wake ukiwa mwepesi. Michoro ilikuwa imekamilika, bakuli la oili lilikuwa limepata nafasi yake, na siku zilitosha. Akamwambia Garth habari hiyo bandani, redio ikiimba na pampu ya upepo ikinguruma: "Maree anakuja Jumanne kulipima. Tusubiri kwanza."

"Jumanne!" Garth alipiga kelele, akampiga kofi la mgongo. "Safi kabisa!"

Renzo alijua angepaswa kuzima redio na kurudia. Alifikiria kufanya hivyo. Kisha Garth akaanza hadithi nyingine, na nafasi ikapita.

Jumamosi aliitwa upande wa Dimbulah, pampu imezama na miche inakauka. Ilimchukua nusu ya siku, na aliporudi aliona magari yamepangwa ubavuni mwa uzio wake mpaka nyumba ya jirani. Alisikia harufu ya vitunguu vikikaangwa. Halafu akaona, ndani ya banda, mwanga mweupe wa gesi ya kukatia.

Watu wa kule wana mtindo huo. Mtu akionekana kulemewa na kazi, wenzake hujikusanya bila kumwambia, huja na vifaa, nyama na boksi la bia kwenye barafu, na akirudi hukuta ua umejengwa au paa limepigwa rangi. Hulia machozi, hushukuru, na hadithi husimuliwa miaka.

Garth alitoka akiwa amepandisha miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso, anacheka, uso mweusi kwa masizi.

"Haya, niambie sasa kwamba sikupendi!"

Mbele ya gari palikuwa wazi kama mdomo wa mzee aliyeng'olewa meno. Mikono ya magurudumu, shafti na difu vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye nyasi, vimefutwa hata grisi. Vishikizo vilivyokuwa vimechomelewa kwenye chesisi tangu kiwandani vilikuwa vimekatwa vyote. Muuza nyama alikuwa anasaga masalia kwa grenda, cheche zikiruka. Renzo alipita katikati yao na kupiga magoti. Upande wa kulia, pale moto wa gesi ulipoteleza, chesisi yenyewe ilikuwa imechimbwa. Kovu lilikuwa refu kama kiganja. Aliweka ukucha wa kidole gumba ndani yake, na ukucha ukazama.

Akainuka, akaenda kwenye mtungi wa gesi na kuufunga. Ule mlio wa kuvuma ukakatika. Akachomoa waya wa grenda.

"Nendeni nyumbani," alisema.

Hakuna aliyeelewa, maana hawakuwahi kumsikia akitumia sauti hiyo.

"Bado kusaga upande mmoja tu, Renz," muuza nyama alisema.

"Nendeni nyumbani."

"Na soseji je?"

"Chukueni soseji!"

Waliondoka mmoja mmoja, wakibeba masinia, bila kutazamana. Garth alibaki.

"Ila kwa nini?" aliuliza, na kwa kweli hakujua. "Ulisema mwanamke anakuja Jumanne. Nikasema asije akukute bado unachora chora kwa chaki. Akute kazi imeanza."

"Anakuja kulipima likiwa zima, Garth. Zima! Nilikwambia tusubiri."

"Wewe kila kitu unasema tusubiri! Ukiulizwa chai unasema tusubiri! Mtu atajuaje ipi ndiyo tusubiri ya kweli?"

Swali hilo lilimuudhi Renzo kuliko kovu lenyewe.

Jumapili alipiga simu Cairns mwenyewe na kumweleza Maree kila kitu, pamoja na lile kovu. Maree akasema atakuja hivyo hivyo, kwa kuwa amezoea kuambiwa uongo na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpigia kumwambia ukweli.

Alikuja Jumanne, mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mwanajeshi. Alilala chini ya gari na tochi kwa muda mrefu. Aliitazama michoro ya Renzo, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akarudi kwenye kovu.

"Nani alifanya hili?"

"Kaka wa mke wangu."

"Haoni vizuri?"

"Anaona. Tatizo halipo machoni."

Maree alijifuta mikono. "Michoro yako ni mizuri. Ningeipitisha bila kubadilisha chochote. Vipimo vya gari zima nitavipata kwenye Mia nyingine. Lakini chesisi hii lazima ipate kiraka, kichomelewe na mtu mwenye cheti cha kazi hiyo, na weldi ipimwe. Hao watu wana foleni. Gari litapona, ila si kwa mwezi wa saba. Wala wa nane."

Colleen alirudi kutoka zamu akiwa bado na sare. Renzo alimweleza akiwa amesimama katikati ya ile mistari ya chaki iliyofutikafutika. Alitarajia mkewe alie au apige kelele. Colleen alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wa nane pia?" na Renzo akaitikia kwa kichwa. Basi Colleen akatoka, akatembea barabarani na viatu vyake vya hospitali hadi nyumba ya tatu, Renzo akimfuata nyuma kwa mbali kidogo.

Garth alikuwa anaosha gari lake. Haikuwa Jumapili. Nadhani alihitaji kitu cha kufanya na mikono.

"Funguo," Colleen alisema, akinyoosha kiganja.

"Za nini?"

"Za hilo. Mwezi wa saba wote."

"Colleen, dada yangu, hili gari bado lina miguu ileile ya..."

"Garth."

Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye mpira. Garth alimtazama dada yake, akamtazama Renzo, akatazama boneti yake inayong'aa. Kisha akaingiza mkono mfukoni.

Kwa hiyo Renzo, baada ya chaki yote na maboksi yote ya friji, alianza safari ya Cape York ndani ya gari lenye ugonjwa uleule, na baya zaidi, halikuwa lake. Garth aliwasindikiza kwa mawaidha kupitia dirishani mpaka Colleen alipopandisha kioo. Alipiga simu walipofika Lakeland, kuuliza kama oili ipo sawa. Alipiga walipofika Coen, kuuliza kama wanasikia kelele upande wa kushoto. Walikuwa hawaisikii. Baada ya simu, Renzo akaanza kuisikia.

"Hakuna kelele," Colleen alisema.

"Ipo. Sikiliza."

"Ni kikombe changu kinagonga mlango, Renz."

Kaskazini zaidi njia iligawanyika. Kulia ilishuka njia ya zamani ya nyaya za simu na vijito vyake, vumbi limejaa alama za matairi mapana. Kushoto ilikwenda barabara ya kuzunguka, pana, imejaa matuta madogomadogo, ambayo watu wa mji wake wanaiita njia ya waoga. Renzo alisimamisha gari. Alishuka, akaenda mbele ya gari na kuchungulia zile shafti mbili nyembamba. Hasira yote ya wiki zile ilimpanda tena. Alijua hasa ekseli yake ingepita wapi, gurudumu gani lingeinuka kwanza, na vile ambavyo difu isingegusa bakuli la oili hata kidogo. Mahali pa kuyathibitisha yote palikuwa hapo mbele, na ekseli ilikuwa bandani chini ya turubai.

Colleen alikuwa ametoa mguu dirishani, anasubiri.

Renzo alirudi garini akakata kushoto.

Iliwatikisa siku nzima mpaka meno yakawauma. Walivuka mto mkubwa kwa pantoni, wakalala kijiji cha Seisia, na asubuhi wakaliacha gari maegeshoni na kutembea juu ya miamba, upepo ukivuta kofia zao. Mwisho wa miamba Colleen alisimama, maji pande tatu, akatanua miguu kidogo kama mtu anayehakikisha kwamba sakafu ni imara.

"Ndiyo hapa," alisema. "Hapa ndipo inapoishia."

"Ndiyo hapa."

Alikuwa analia kidogo, anacheka kidogo. Renzo alimshika mkono, na kwa muda hakufikiria ekseli. Halafu simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Garth.

"Mmepita vijitoni?"

Renzo aliandika kwa kidole kimoja: "Tumezunguka."

Jibu lilikuja haraka. "Umefanya vyema. Halafu nimepata wazo kuhusu zile koili zako. Nipo bandani kwako sasa hivi."

Renzo alisoma mara mbili. Akatazama mbele, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kila upande ilikuwa bahari tu, na hapakuwa tena na mahali pa kwenda mbali zaidi na Garth. Akainua simu, akampigia yeye mwenyewe, kwa hiari yake, huku Colleen akimtazama kwa mshangao.

"Garth," alisema, kwa sauti iliyoshinda upepo. "Usiguse. Toka nje. Funga mlango."

"Hii ndiyo ile tusubiri ya kweli?" Garth aliuliza.

"Hii ndiyo ya kweli."

Na kupitia simu, toka mbali kule Mareeba, Renzo alisikia bati la mlango wa banda likifungwa.